Kibao cha Bi. Swaffield

Jumatatu, Mei 2, 1960

Kijiji kizima kimepagawa. Mimi peke yangu ndiye nimebaki na akili timamu.

Bi. Ockenden amebandika tangazo kwenye dirisha la mkahawa wake wa chai. Maandishi mekundu, kila herufi kubwa kama sahani. Jumamosi ya tarehe 14 Bi. Harriet Swaffield atatimiza miaka mia moja. (Alikufa mwaka 1929, lakini atatimiza.) Kutakuwa na sherehe. Kutakuwa na watoto wa shule. Tena kutakuwa na kibao cha shaba, kitakachopigiliwa kwenye nyumba ambamo marehemu aliandikia *Pim na Bata Wake*.

Hapa Wickering hakuna asiyekijua kitabu hicho. Msichana Pim anamfuga bata bukini. Baba yake anamnolea bata kisu kwa ajili ya Krismasi. Bata anatoroka, anatembea kwa miguu mpaka London, anamwona Mfalme, anapewa barua ya msamaha yenye muhuri. Nusu ya watoto wa Uingereza wamelala na kitabu hicho chini ya mto.

Nyumba aliyoishi Bi. Swaffield ndiyo hiyo hiyo ulimo mkahawa wa Bi. Ockenden. Kwa hiyo kibao ni chake. Kila mtu anaona sawa tu. Na ni mwanamke huyu huyu aliyeninyang'anya uenyekiti wa Kamati ya Kijiji kwa kura moja, kura ambayo nashuku ilikuwa ya dada yangu Hester.

Nimewaza mpaka saa ya chakula. Kisha nikachungulia nje, nikaliona banda letu la bustanini. Mama yetu alikuwa dobi wa Bi. Swaffield. Je, mwandishi hawezi kumtembelea dobi wake? Hawezi kuvutiwa na utulivu? Hawezi kuomba kiti na meza?

Nimemweleza Hester. Akaendelea kutia viraka soksi. Nikamweleza tena, kwa sauti. Akasema alisikia mara ya kwanza, na kwamba Bi. Swaffield hakuwahi kukanyaga bustani yetu kwa sababu ya matope.

Hester ana miaka sitini na minne. Hana jicho la historia.

Jumanne, Mei 3

Kazi imeanza. Meza ninayo: ile ninayooteshea miche ya nyanya. Nimeisugua, nikaimwagia chai nzito ili ionekane ya zamani. Haikukolea. Nikaongeza chai. Kisha nikaitandika kwa mnyororo wa baiskeli, ipate makovu ya umri. Pigo la tano mnyororo uliruka ukanipiga kwenye ugoko. Nimepata makovu mengi kuliko meza.

Saa kumi Hester alitaka kujua majani yote ya chai yamekwenda wapi. Nikamwonyesha meza. Akaitazama meza, akanitazama mimi, akarudi ndani. Tumekunywa maji ya moto matupu. Jambo hilo halikutokea katika nyumba hii hata wakati wa vita.

Alhamisi, Mei 5

Kikao cha Kamati, ukumbi wa kanisa. Nimesimama na kutangaza rasmi kwamba *Pim na Bata Wake* kiliandikwa ndani ya banda la familia ya Gudgeon. Ukumbi ukatulia. Niliufurahia utulivu huo kwa sekunde nne hivi.

Bi. Ockenden akavua miwani. "Bwana Gudgeon, banda lenu si limechongwa mwaka pale juu ya mlango? Elfu moja mia tisa na kumi na moja, kwa mkono wa baba yako. Kitabu kilitoka 1905. Au Bi. Swaffield alikaa hewani akingoja banda lijengwe?"

Vicheko. Kasisi alikohoa ndani ya leso mpaka machozi yakamtoka.

Nilikuwa nimesahau kabisa ule mwaka. Nikasema huo ni mwaka wa ukarabati. Bi. Ockenden akasema sawa, mgeni wa Chuo Kikuu anakuja Jumatatu, Daktari Strode, yeye ndiye atakayeamua kibao kiwekwe wapi. Basi na alione banda pia. Alisema "banda" kama mtu anayetaja ugonjwa.

Nimerudi nyumbani nikachukua tindo na nyundo. Mwaka 1911 umeondoka. Boriti ya juu ya mlango nayo imeondoka. Mlango ulifuata. Umeangukia miche ya nyanya.

Sasa banda halina mwaka wala mlango. Nitasema Bi. Swaffield alipenda hewa safi.

Jumamosi, Mei 7

Kilichokuwa kinakosekana nimekigundua: bata bukini! Mgeni akimwona bata mbele ya banda, moyo wake utaamini kabla akili haijauliza maswali. Nimeazima kwa Bwana Jebb, mkulima wa ng'ambo ya mto, jike mmoja mweupe. Jebb aliniuliza kama nimewahi kumshika bata bukini. Nikamwambia nimefanya kazi stesheni ya reli miaka thelathini na nane, nimeshika mizigo ya kila aina.

Bata si mzigo.

Ameniuma mkono, kisha paja, kisha mahali ambapo sitapaandika. Akapita kwenye tundu la mlango nililolifungua mwenyewe, akashika barabara kuu. Nikamkimbiza. Yeye hakukimbia. Alitembea tu, kichwa juu, kama anayejua aendako, mpaka mkahawa wa Bi. Ockenden. Akaingia. Akakaa chini ya meza ya watalii wawili kutoka Leeds, akaanza kulishwa skonzi.

Walimpiga picha kumi na moja. Nyuma yake, katika kila picha, linaonekana jina la mkahawa.

Bi. Ockenden alinitolea kitambaa nifunge mkono. Akasema, "Asante kwa mchango wako, Bwana Gudgeon. Wateja wamefurahi mno."

Jebb amekuja na trekta kumchukua. Bata alipanda mwenyewe.

Jumatatu, Mei 9

Jana baada ya ibada niliandika barua. Yaani niliigundua. Karatasi ya zamani niliipata mwishoni mwa kitabu cha nyimbo cha mama. Inasema hivi:

*Mpendwa Bi. Gudgeon, nakushukuru kwa banda lako, ambamo leo nimekimaliza kitabu changu mashuhuri. Mwanao mdogo Ambrose ni mtoto mwenye akili zisizo za kawaida. Wako, H. Swaffield. Novemba 31, 1904.*

Sentensi ya pili haikuwa ya lazima, lakini inaipa barua uhai.

Daktari Strode amefika saa tano. Nilitarajia mzee mwenye ndevu. Ni mwanamke, labda miaka arobaini, viatu vya matope, penseli imechomekwa kwenye nywele. Akaitazama meza, akainusa. Akaniuliza kama familia yetu ilipenda sana chai. Kisha akaisoma barua mara mbili, polepole, midomo ikimcheza.

Akauliza Bi. Swaffield alijuaje kwamba kitabu ni mashuhuri siku hiyo hiyo alipokimaliza. Nikasema alikuwa mwenye maono. Akauliza kuhusu tarehe. Nikasema tarehe gani. Akasema Novemba ina siku thelathini.

Nikasema Novemba ya mwaka ule ilikuwa ndefu.

Hakucheka. Ninampa heshima kwa hilo. Alisema ni barua ya kuvutia sana, akanirudishia kwa mikono miwili, akaomba maji ya kunywa. Nikampeleka jikoni. Hester alikuwa akikanda unga. Akamwambia, "Msamehe, mama. Utotoni alianguka kutoka juu ya rundo la makaa." Hapo Daktari akacheka. Alikaa jikoni saa nzima. Mimi nilibaki bandani nikisubiri maswali zaidi.

Hakuna maswali yaliyokuja.

Jumatano, Mei 11

Daktari Strode amerudi. Hakuja bandani. Alinyoosha moja kwa moja jikoni, na keki mkononi. Mimi nilikuwa stoo ya chakula, kwa shughuli zangu. Mlango wa stoo haufungi vizuri. Si kosa langu.

Naandika nilichosikia kama nilivyokisikia.

Daktari alikuwa akimsomea Hester karatasi ya Bi. Ockenden, ile watakayogawiwa wageni: Bi. Swaffield aliwapenda bata tangu utotoni, aliwapenda watoto kuliko kitu chochote, mchumba wake alifia vitani Afrika Kusini, aliandika kitabu dirishani akiyatazama mawaridi. Akamuuliza Hester, kwa kuwa mama yake alifua pale, kama anakumbuka lolote la kuongeza.

Hester akasema kuongeza hapana, labda kupunguza. Bata aliwaogopa. Watoto hawakumpendeza; alifundisha piano watoto wa matajiri na kuwapiga vidole kwa rula. Mchumba hakuwahi kuwepo. Aliyekuwepo ni kaka mlevi aliyemaliza urithi wa baba yao, akaenda Kanada na kumwachia dada nyumba yenye baridi na chumba kimoja tu chenye moto.

Kisha kimya. Nilidhani wameniona. Kumbe Hester alikuwa anapanguza mikono.

Akasema, "Bata alikuwa wangu."

Alimlea tangu yai, akamlaza ndani ya kofia ya baba karibu na jiko. Alikuwa na miaka saba. Alimwita Nahodha. Desemba ya 1903 baba akamchinja Nahodha kwa ajili ya Krismasi, kwa sababu ndicho alichokuwa amefugiwa, na hakuna aliyekuwa amemwambia Hester. Aliambiwa mezani.

Daktari akauliza kama alikula.

"Sikula. Ila Ambrose alikula paja zima. Akauliza kama kuna jingine."

Nilikuwa na miaka minne! Hayo hakuyasema.

Jumatatu iliyofuata mama alimchukua Hester kazini. Bi. Swaffield alikuwa ameanguka kwenye barafu akavunjika mguu. Alikuwa amelazwa kwenye kochi ndani ya chumba cha kufulia, kwa sababu ndicho kilichokuwa na moto. Hester aliketi kwenye kapu la nguo, akilia. Bi. Swaffield akamkemea: makelele ya nini? Hester akamwambia, "Wamemla bata wangu." Mama akaja mbio kumtoa nje.

"Bibi akamzuia mama kwa fimbo yake. Akaniuliza, 'Una hakika? Bata mweupe? Ana doa jeusi bawani?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Basi wamekudanganya. Nilimwona jana akipita dirishani. Ameshika njia ya London.'"

Ikawa kila Jumatatu. Mama anafua, Hester anauliza bata amefika wapi. Bi. Swaffield hajui, anamuuliza yeye: akikutana na mbwa atafanyaje? Akifika mtoni, ataogelea au atatafuta daraja? Hester anajibu. Bi. Swaffield anaandika. Majira yote ya baridi, mpaka mguu ukapona. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu, na ndani yake msichana Pim.

Baada ya hapo aliandika vitabu sita vingine, hakuna aliyevinunua. Hester aliendelea kwenda kila Jumatatu, hata baada ya mama kufa, hata pale ambapo hakukuwa na nguo za kufua. Siku ya mazishi ni Hester aliyemchana nywele.

Mimi wakati huo nilikuwa stesheni. Nakumbuka nilisaini kadi ya rambirambi.

 Daktari Strode akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuliandika hili. Hester akasema hapana. Watoto wanajua bata alifika London. Kwa nini waambiwe kwamba aliishia kwenye sahani yetu? "Likae humu humu jikoni, mama." Nikasikia penseli ikiwekwa mezani.

Hapo ndipo gunia la viazi nililokalia likateleza. Mlango wa stoo ukafunguka. Nikatokea na viazi.

Hester hakupiga kelele. Alinitazama tu. "Na wewe pia, Ambrose. Niahidi."

Nikaahidi. Mbele ya shahidi, nimekaa juu ya viazi.

Ijumaa, Mei 13

Nimenyamaza siku mbili. Sijawahi kunyamaza muda mrefu namna hii juu ya jambo lolote. Naumwa kifua.

Asubuhi nimemsaidia Hester kubeba kuni ili asiwe na wasiwasi. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akasema nisimsaidie tena, namtia hofu.

Mchana Bi. Ockenden ametoa orodha ya watakaozungumza kesho. Yeye, Kasisi, mwalimu mkuu, Daktari Strode, yeye tena. Nikauliza mimi nipo wapi. Akageuza karatasi. Nyuma, chini kabisa: *A. Gudgeon, viti.*

Viti sitini. Nikamwambia kuna mambo ninayoyajua kuhusu kitabu kile ambayo yangemfanya akae chini. Akasema, "Basi yapange kwenye viti, Bwana Gudgeon, sita kila mstari."

Niliahidi nini hasa? Niliahidi kwamba litakaa jikoni. Sikuahidi kuhusu bustani ya mkahawa. Lakini Hester hatapenda. Lakini ni kwa heshima yake. Lakini aliniambia. Lakini ni dada yangu, na bata alikuwa wa nyumba yetu, yaani ni mali ya ukoo.

Nitanyamaza. Nimeamua. Nitapanga viti kama mwanamume.

Jumamosi, Mei 14

Sikunyamaza.

Naandika kwa utaratibu. Jua lilikuwa zuri. Watoto wa shule thelathini na wawili, mistari ya mbele, wamevaa midomo ya bata ya karatasi. Wazazi nyuma. Hester mstari wa saba, kofia yake ya bluu. Kibao cha shaba mezani chini ya kitambaa. Kipaza sauti kimekodiwa kutoka mjini.

Bi. Ockenden alizungumza dakika ishirini na tano. Alieleza mawaridi. Alieleza mchumba, farasi wake na barua zake za mapenzi. Akaeleza jinsi Bi. Swaffield alivyokuwa akitembea barabarani akifuatwa na bata. Nilivumilia mpaka hapo. Kisha akasema, "Na tumshukuru Bwana Gudgeon, ambaye leo amepata kazi inayomfaa," akaonyesha viti. Watu wakacheka. Watoto wakacheka. Mmoja akanililia kwa sauti ya bata.

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka kipaza sauti kilikuwa cha baridi. Nikasema yote haya ni uzushi. Hakuna mchumba, hakuna mawaridi! Nikasema Pim ni dada yangu Hester, yule pale mwenye kofia ya bluu, na bata alikuwa wetu, na hakuna siku hata moja aliyokwenda London!

Bi. Ockenden akasema kwa dharau, basi alikwenda wapi?

Nikasema, "Tulimla! Mimi mwenyewe nilikula paja!"

Kipaza sauti ni chombo kizuri. Neno "paja" lilifika mpaka kanisani na kurudi.

 Kisha mtoto mmoja akavua mdomo wake wa karatasi, akautazama, akaanza kulia. Halafu wa pili. Halafu wote. Thelathini na wawili. Sijawahi kusikia kitu kama hicho, na nimefanya kazi karibu na injini za mvuke. Mwalimu mkuu alikuwa anakimbia na leso moja. Mama mmoja akaniambia, "Wewe mzee huna haya?" Kasisi alitazama mawingu.

Hester akasimama. Nilidhani anaondoka. Alikuja mbele. Hakunitazama. Hakutumia kipaza sauti.

Akasema, "Ni kweli. Bata wangu aliliwa. Nilikuwa na umri kama wenu."

Kilio kikapungua, nadhani kwa mshangao. Akaendelea. "Jumatatu yake bibi mmoja mkali, amevunjika mguu, akaniambia amemwona bata wangu akielekea London. Nilijua si kweli. Manyoya nilikuwa nimeyaona kwenye ndoo."

Msichana wa mstari wa mbele, hana meno mawili, kamasi mpaka kidevuni, akauliza, "Sasa, bibi, kwa nini ulimsikiliza?"

Hester akasema, "Nilitaka kujua amefika wapi."

 Yule mtoto akajifuta kwa mkono wa sweta. Akauliza, "Alifika wapi?"

Hester akaketi kwenye nyasi, na magoti yake yale yanayomsumbua, akaanza kusimulia. Si kama ilivyo kitabuni. Kama alivyoisikia, Jumatatu baada ya Jumatatu, na majibu aliyoyatoa yeye, na mahali Bi. Swaffield alipobisha kwamba bata hawezi kupanda treni bila tiketi. Watoto wakaviacha viti wakamzunguka. Wazazi nao. Bi. Ockenden alisimama na karatasi zake, kisha akakunja sketi, naye akaketi. Daktari Strode alikipakata kibao, akakisahau.

Viti sitini vitupu. Mimi katikati yake.

Alisimulia saa nzima. Hakuna aliyenishukuru, ingawa pasipo mimi lisingetokea.

Njiani kurudi nyumbani nilimweleza hivyo. Alitembea mpaka getini. Pale akasema, "Uliahidi." Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Jumapili, Mei 15

Hester hajanisemesha. Kifungua kinywa changu kilikuwa yai. Bichi. Juu ya sahani, likibiringika.

Baada ya ibada Bi. Ockenden amegonga mlango. Nikajiandaa kumpokea kwa staha ya mshindi. Alikuwa amemfuata Hester. Alikuwa na zile karatasi za mchumba na mawaridi, zote mia mbili, akazichana jikoni kwetu na kuzitia motoni. Akasema, "Shoga, miaka kumi na miwili nauza skonzi juu ya kile chumba cha kufulia, natunzia humo mifagio, na wewe unapita unanisalimia tu. Ungeniambia." Hester akasema hakuulizwa. Wakacheka wote wawili, kisha nikasikia kama mmoja analia. Sikuweza kujua yupi. Siku hizi stoo inafungwa kwa kufuli.

Daktari Strode naye amepita kuaga. Alimwachia Hester aamue kibao kiende wapi na kiandikwe nini. Hester amechagua ukuta wa chumba cha kufulia, chini, urefu wa mtoto. Jina lake hataki liwemo. Kitasema: *Hapa Bi. Harriet Swaffield alimwona bata akipita.* Basi.

Na kila Jumamosi Hester atakuwa akiwasimulia watoto pale. Mifagio inahamishwa.

Daktari alinipa mkono. Nikamuuliza kama banda bado linafikiriwa. Akasema, "Bwana Gudgeon, kesheni usiku mmoja mkisome kile kitabu." Sijui alimaanisha mimi na nani.

Jumatano, Mei 18

Siku nne bila neno. Mayai bado mabichi. Leo nimelichemsha mwenyewe. Si vigumu sana.

Barabarani watoto wakiniona wanaita, "Babu Mla-Bata!" na kuwaficha kuku wao chini ya sweta. Nilitaka kukasirika. Kisha kijana mmoja mdogo akarudi nyuma, akatazama kushoto na kulia, akaninong'oneza: lilikuwa na ladha gani?

Nimesimama pale barabarani kama niliyepigwa radi. Ladha gani! Kumbe wanataka kujua! Mama amekufa, baba amekufa, Hester hakula. Duniani kote, kati ya watu wote waliolala na kitabu kile chini ya mto, aliyemwonja bata ni mimi peke yangu.

Nimekwenda nyumbani nikakichukua *Pim na Bata Wake* kutoka rafu ya Hester, nikakisoma kuanzia mwanzo, kama Daktari alivyoshauri. Sura ya tatu nikajikuta. Pim ana mdogo wake, anaitwa Tub. *Tub alikula, akafuta kidevu, akauliza kama kuna zaidi.* Nimesoma mpaka ukurasa wa mwisho. Tub hafanyi jambo lingine lolote. Lakini nimo! Maneno manane, na bila mimi Mfalme angempa nani msamaha? Hadithi nzima inategemea njaa yangu.

Nimemwandikia Daktari Strode kudai kibao cha pili, kwa ajili ya Tub, kiwekwe kwenye chumba chetu cha kulia. Nimemweleza kwamba ushahidi upo, mfupa wa paja lenyewe, uliotunzwa na familia kwa miaka hamsini na sita. Hester ameliona sanduku la kioo nililoliandaa, akaniuliza ni la nini. Neno lake la kwanza tangu Jumamosi! Nimemwambia atafurahi. Akafumba macho.

Bwana Pellow wa buchani hana bata bukini mwezi huu. Ana mfupa wa bata mzinga. Ni mkubwa kidogo, lakini nilikuwa na miaka minne. Kila kitu kilikuwa kikubwa.